Sare ya Siku ya Dawa

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani iliyobandikwa ukutani mwa darasa letu la kisomo cha watu wazima, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta. Ni nchi yenye amani. Tunajua kwamba ina amani kwa sababu kila Jumatatu Wizara ya Amani hututumia barua ya kutukumbusha. Ina mito miwili, vilima kiasi, na maadhimisho mia mbili na kumi na manne kwa mwaka, na kila adhimisho lina sare yake. Mtoto akizaliwa kwetu, mkunga huuliza kwanza leo ni siku ya nini, kisha humvika kwa mujibu wa jibu.

Sitaki nidhaniwe kwamba nalalamika. Naandika ili mambo yakae kwa mpangilio, kama anavyotufundisha Mwalimu Pendael: mwanzo, kati na mwisho. Mwanzo ni shingo ya mwanangu.

Hidaya alikuwa na miaka ishirini na minne, msusi wa nywele, mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Uvimbe ulimwanza chini ya sikio la kushoto, mdogo kama punje ya kunde. Hospitali ya wilaya walisema ni tezi. Hospitali ya mkoa walisema ni tezi iliyokasirika. Hospitali Kuu walipima, wakanyamaza, wakamwita daktari mwingine, naye akanyamaza, na hapo nikajua. Walipolitamka neno saratani, Hidaya aliuliza kama nywele zake zitanyonyoka. Wakamwambia ndiyo, kwa zile dawa kali.

"Basi," akasema, "wateja watasema nimejisuka mpaka zikaisha."

Dawa kali alipewa mara sita. Uvimbe ulisinyaa, ukapumzika, kisha ukarudi na wenzake.

*

Nyuma ya Hospitali Kuu, katika chumba kilichokuwa stoo ya mashuka, alikuwapo mtu mmoja mwembamba aitwaye Daktari Kasembe. Vidole vyake vilikuwa na rangi tatu au nne kila siku, hata watu walimdhania fundi wa kupaka kuta. Kazi yake ilikuwa kukamua rangi za mimea: umanjano wa bizari, wekundu wa choya, ukijani wa mchicha. Aliotesha chembe za saratani katika visahani vya kioo, akazidondoshea rangi hizo moja moja, kisha akazichungulia kwa hadubini aone kama zitakufa au zitaendelea na maisha yao. Kwa miaka tisa ziliendelea na maisha yao.

Alifika mtaani kwetu kwa sababu ya mikeka. Sisi wanawake wa Kilongo ni wasusi wa mikeka, na ukindu wetu mwekundu tunautia rangi kwa mizizi ya mkorondo, mti mfupi uotao katika vilima vilivyo nyuma ya nyumba zetu na si mahali pengine. Daktari alikuwa ameona kwamba mkeka wetu ukiachwa mahali penye unyevu, kuvu hula ukindu mweupe na kuuacha mwekundu. Akataka kujua kwa nini. Tukamwambia hatujui, ila ndivyo ulivyo.

Nikamwonyesha namna ya kuchimba. Mkorondo hukaa miaka saba kabla mzizi wake haujatoa rangi, na kwetu kuna utaratibu: unachimba upande mmoja tu, unachukua mzizi mmoja wa unene wa kidole gumba, unafukia, na mti ule haumwoni tena mchimbaji kwa miaka mitatu. Mwanamke anayechimba pande zote mbili kwetu haolewi, na ikiwa ameshaolewa, anasemwa. Nikamchemshia mizizi kwa moto mdogo kama alivyonifundisha mama mkwe, akaondoka na chupa yake.

Wiki tatu baadaye alirudi akihema, wala hakukumbuka kubisha hodi.

"Mama Hidaya, zimekufa."

"Nini kimekufa, daktari?"

"Chembe za saratani. Na zile nzima zilizokuwa jirani hazikudhurika sana."

Nilisimama nimwite Hidaya. Akanishika mkono. "Ngoja, mama. Kwenye kisahani hata chumvi inaua. Hata siki inaua. Kisahani si mtu."

Basi tukangoja. Alijaribu kwa panya weupe thelathini kwa muda wa miezi minane, miezi ile ile ambayo Hidaya alikuwa akimalizia dawa kali. Kati ya panya kumi na watano waliopewa rangi, kumi na mmoja uvimbe wao ulipungua. Wawili walikufa, na daktari alituambia hao wawili kwanza, kabla ya wale kumi na mmoja. Ndiyo maana nilimwamini.

"Sasa ni watu," alisema. "Wachache, kwa kipimo kidogo, polepole. Nahitaji madebe arobaini ya mizizi."

Tulikaa wasusi wote, tukahesabu vilima. Kila mwanamke akiacha zamu yake ya miaka miwili, madebe arobaini yangepatikana kwa kuchimba upande mmoja mmoja, bila kuua hata mti. Tukakubali. Hidaya akaandikwa mgonjwa nambari moja. Daktari akaketi naye uani kwetu.

"Dada, siwezi kukuahidi kitu. Inawezekana isikusaidie hata kidogo."

"Daktari," Hidaya akamwambia, "mimi nimesuka vichwa vyenye nywele za urefu wa mchele. Kazi isiyo na ahadi naijua."

*

Kwa bahati mbaya, taarifa ya panya ilifika serikalini.

Nchi yetu ina sheria nzuri sana iitwayo Sheria ya Kutangulia kwa Sherehe. Inasema kwamba jambo lolote jema ni lazima liadhimishwe kabla ya kutumika, wananchi wasije wakanufaika bila kujua ni nani wa kumshukuru. Daraja la mto wetu wa pili liliadhimishwa miaka kumi na miwili iliyopita. Ujenzi unatazamiwa.

Taarifa ilipokelewa na Wizara ya Afya na Maadhimisho, chini ya Mheshimiwa Mfaume, mtu mwenye sauti inayowahi kufika kabla yake. Iliundwa kamati ya watu ishirini na saba. Daktari Kasembe aliitwa, akapewa dakika tatu za kueleza, zikiwamo salamu. Salamu peke yake, ukianza na viongozi wa meza kuu ukamalizia na itifaki imezingatiwa, zilikula dakika mbili na nusu. Katika nusu iliyobaki alisema, "Panya kumi na mmoja kati ya kumi na watano, na bado hatujui."

Waziri aliinua kalamu. "Neno panya halina hadhi katika maadhimisho ya kitaifa. Andikeni washiriki. Na hilo la bado hatujui, mtu mzima hasemi hadharani. Lifuteni."

Basi ikatangazwa redioni kwamba washiriki kumi na mmoja wamepata nafuu, na kwamba tarehe ishirini ya mwezi wa nne itakuwa Siku ya Dawa.

Kilichobaki kilikuwa sare. Hapo ndipo Katibu Mkuu, mtu ambaye kwa kawaida hulala vikaoni, alipoamka na kutoa hoja iliyopigiwa makofi kwa dakika nne. Alisema itakuwa aibu mbele ya mataifa kuadhimisha dawa nyekundu kwa nguo zilizotiwa rangi ya dukani. Sare ya Siku ya Dawa itiwe rangi ya dawa yenyewe. Vitenge elfu arobaini. Daktari Kasembe alisimama aseme neno, akakumbushwa kwamba dakika zake zilikuwa zimekwisha.

*

Afisa aliyetumwa kwetu aliitwa Bwana Sekwao, mpole, mwenye mkoba uliofungwa kwa kamba. Alitukuta tukisuka. Akasema anatafuta mwakilishi wa wasusi, anayejua kuandika jina lake, kwa sababu serikali ya sasa haitaki dole gumba. Dole gumba linaturudisha nyuma. Wenzangu walinisukuma mbele, kwa kuwa mimi nilikuwa nimefika kitabu cha tatu cha kisomo.

Karatasi za kukubali kutoa mizizi zilikuwa kumi na moja. Nikaanza kusoma kwa kidole. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa shukrani. Ukurasa wa pili pia.

"Mama, zilizobaki ni shukrani hizo hizo," Bwana Sekwao akasema. "Ukiendelea na mwendo huo, giza litatukuta hapa. Inayohitajika ni ya mwisho."

"Mizizi hii itafika kwa Daktari Kasembe?"

"Serikali ni moja, mama. Kitu kikishaingia serikalini kimeshamfikia kila mtu."

Niliandika jina langu lote, na la baba yangu, na la ukoo. Mama Kidawa, jirani yangu, aliinama akalitazama. "Shoga, herufi zako zimesimama kama askari wa gwaride," akasema. Sitaficha kwamba nilifurahi. Nilifurahi mchana kutwa.

Ukurasa wa saba niliusoma baadaye. Ulisema: mizizi yote, pande zote.

Mashine zilikuja siku ya tatu, zikamaliza siku ya tano. Daktari Kasembe alifika siku ya sita akiwa na magunia yake matupu mabegani, akasimama chini ya kilima. Kilima kilikuwa kama kuku aliyenyonyolewa.

"Wamechukua yote?"

"Yote, daktari."

"Hata miche?"

"Hata mashimo hawakufukia," Mama Kidawa akamjibu. "Watu hawa sijui mama zao waliwafundisha kuchimba nini."

Alikwenda wizarani siku hiyo hiyo. Huko walimtuliza. Walimwambia kwamba wagonjwa hawakusahaulika hata kidogo: kila mgonjwa atapata kitenge chake mapema, kabla ya wabunge, na katika kitenge hicho ndimo ilimo dawa yake. Kweli, wiki mbili baadaye Hidaya aliletewa bahasha ya kaki yenye muhuri. Ndani kulikuwa na gauni jekundu lililokunjwa vizuri, na kikaratasi: Kuvaa kutwa mara tatu, kabla ya chakula.

Hidaya alilivaa, akajigeuza mbele ya kioo. Alikuwa amekonda, mabega yamebaki mifupa.

"Mama, dawa hii inabana kwapani."

"Nitaiachia kidogo."

"Usiguse. Ukizidisha kipimo utaniua."

Alipolivua, ngozi yake ilikuwa nyekundu kifuani na mgongoni. Nikalikwangua gauni kwa ukucha, nikaelewa. Kiwandani hawakuchemshia shabu, ile chumvi ya kushikisha rangi. Rangi ya mkorondo bila shabu haishiki. Hukaa juu ya uzi kama mgeni aliyekaa ukingoni mwa kiti. Nilikwenda kumwambia daktari, nikidhani nampelekea huzuni nyingine. Alinitazama, kisha kwa mara ya kwanza tangu mashine zije, akacheka.

"Kama haikushika, mama, inaweza kutoka. Sherehe ikiisha, nikipata nguo zote, nikaziloweka kwenye maji safi, naweza kuirudisha. Si yote. Ya kutosha wagonjwa wachache."

Alipiga magoti, nasema kwa maana ya magoti hasa, mbele ya Katibu Mkuu, na akapewa barua: jioni ya Siku ya Dawa, kila mwananchi atakabidhi sare yake getini. Nami nikaiandikia Wizara kwa mkono wangu kuhusu jambo moja. Nilieleza kwamba mwezi wa nne kwetu ni masika, na kwamba rangi hii haitastahimili maji. Jibu lilikuja haraka kuliko jibu lolote ambalo nchi yetu imewahi kutoa. Lilisema: Ratiba ya shughuli imepitiwa upya na haina mvua.

*

Siku ya Dawa, uwanja ulikuwa mwekundu mpaka macho yaliuma. Hidaya aliwekwa jukwaani, katika kiti kilichoandikwa Nambari 1, kwa sababu Wizara ilihitaji mtu anayekaribia kupona. Mimi nilikaa chini pamoja na wasusi. Daktari Kasembe alikuwa getini na mapipa yake yaliyooshwa, akingoja.

Mheshimiwa Mfaume alianza saa nne asubuhi.

"Ndugu wananchi! Mataifa makubwa yamehangaika na maradhi haya kwa mashine na mahesabu. Sisi tumeyashinda kwa vazi! Nani aliwahi kuona ugonjwa ukimwingia mtu aliyevaa ushindi?"

Mawingu yalikuja saa tano. Saa sita kasorobo ikaanza ile mvua ya masika isiyobisha hodi. Hakuna aliyeondoka, kwa kuwa kwetu ni kosa kuinuka kabla hotuba haijafika kwenye asanteni, na hotuba ilikuwa haijafika hata kwenye yale maneno, kwa namna ya pekee. Watu elfu arobaini walikaa wima, na rangi ikaanza kuwatoka. Ilitoka mabegani, ikashuka mapajani, ikaingia kwenye viatu. Ilitiririka ngazi kwa ngazi kutoka meza kuu hadi kwenye mitaro, na mitaro ikaenda ilikokuwa ikienda siku zote.

"Tazameni!" Waziri akasema, huku shati lake likigeuka jeupe. "Hata mbingu zimeguswa, nazo zimeomba kushiriki!"

Nilimwona daktari akikimbia. Aliingia mtaroni na ndoo, maji yakamfika magotini. Askari mmoja akamwambia kwa upole, "Daktari, toka hapo, unaharibu picha." Hakutoka. Sisi wasusi tuliinuka, kosa au si kosa, tukachukua masufuria ya wapishi wa sherehe, tukashuka naye. Tulipata ndoo saba za tope jekundu. Daktari alilipima kesho yake, na keshokutwa yake. Rangi ilikuwa imekwisha kuharibika kwa jua la siku nyingi na uchafu wa mtaro. Chembe katika kisahani hazikushtuka.

Lakini hayo ni ya kesho yake. Siku ile, hotuba ilipokwisha, nilipanda jukwaani kumchukua mwanangu. Alikuwa ametota, gauni lake limekuwa jeupe kama la bibi arusi, na alikuwa anatetemeka.

"Mama," akasema, "nimepona. Tazama nilivyotakata."

*

Aliishi karibu wiki tatu. Siku za mwisho alipenda niketi chini kati ya magoti yake, anisuke. Vidole vilikuwa havina nguvu tena, na msuko ulifumuka kabla hajafika kisogoni. Alisema lawama ni ya kichwa changu, kichwa kigumu hakishiki msuko, na kwamba wateja wa namna yangu ndio waliomtia maradhi. Nilikubali lawama. Nilikuwa na lawama nyingine niliyotaka anipe, ya jina langu katika ukurasa wa kumi na moja. Nilimwambia. Vidole vyake vikasimama kichwani mwangu.

"Uliandika vizuri?"

"Vizuri."

"Basi," akasema, akaendelea kusuka.

Alifariki tarehe tisa, ambayo ilikuwa Siku ya Mbolea, na watu walikuja mazikoni wakiwa wamevaa kahawia, kwa kuwa hawakupata nafasi ya kubadili.

Daktari Kasembe alikuja kuhani msiba. Alikuwa amehamishiwa Idara ya Mavazi, kuwa mshauri wa rangi. Vidole vyake vilikuwa safi, nami sikuvizoea. Nilimuuliza swali moja.

"Ingemponya?"

"Sijui, mama."

"Hata kwa kukisia?"

"Huenda isingemponya. Nyingi hazifiki. Katika rangi mia, labda moja hufika kwa mtu, na hiyo moja nayo huchelewa." Alitazama mikono yake. "Nilitaka tujue. Yeye naye alitaka. Hilo tu ndilo tungeweza kumpa, na hatukumpa."

*

Mwezi wa sita ililetwa barua. Nambari 1 atakiwa kufika Hospitali Kuu kuanza majaribio ya dawa. Asipofika atahesabiwa kuwa amejitoa kwa hiari yake.

Nilikwenda. Majaribio yalikuwa yanaendelea vizuri: viti vimepangwa, wagonjwa sita wameketi, mizani ipo, fomu zipo. Dawa tu ndiyo haikuwapo, lakini tarehe ilikuwa imefika, na kwetu tarehe haivunjwi. Karani alikuwa mama wa rika langu, mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Nambari moja. Ni wewe?"

"Mimi ni mama yake. Alifariki tarehe tisa ya mwezi uliopita."

"Pole sana, mama." Alisema kwa moyo, nilimwona. Kisha akaitazama fomu. "Hapa kuna visanduku viwili tu. Amefika, au amejitoa kwa hiari."

"Hakujitoa."

"Naelewa. Lakini hakufika."

"Acha wazi."

"Nikiacha wazi, wanaojumlisha huko juu hujaza wenyewe. Hujaza amejitoa."

Nilimfikiria Hidaya katika kitabu cha serikali, milele, kama mtu aliyeitwa akakataa. Nikasema, "Mwandike amefika."

Akanitazama juu ya miwani. "Akiwa amefika, ni lazima apimwe uzito."

Nilivua viatu, nikapanda mizani. Akaandika.

Kwa hiyo katika kumbukumbu za nchi yetu, mgonjwa nambari moja yu hai. Tena ameongezeka kilo thelathini na moja tangu alipopimwa mara ya mwisho, jambo ambalo Mheshimiwa Waziri amelitangaza redioni kuwa tunda la kwanza la dawa, na kwa ajili yake Siku ya Dawa imeongezwa ikawa siku mbili. Mwalimu Pendael ameniuliza kama sioni kwamba uongo wangu ndio unaowapa sherehe. Naona. Nimelifikiria jambo hilo tangu mwezi wa sita, na sijapata jibu linaloandikika.

Kila mwezi barua inakuja, na kila mwezi nakwenda. Karani hunisogezea kiti nivulie viatu. Wakati mwingine ninakula vizuri siku iliyotangulia, ili asipungue. Kama nakosea, nitasamehewa na anayesamehe. Najua tu kwamba mwezi nitakaoacha kwenda, wataandika kwamba mwanangu amejitoa.